Umeruka Mtu

Theluji ilikuwa inayeyuka mabegani mwetu, na ukumbi mzima wa michezo wa shule ulinukia sufu iliyolowa na kahawa. Babu yangu, Enno Harms, alikuwa amesimama chini ya goli la mpira wa kikapu, upande wa mashariki, pale pale aliposimama kila uchaguzi tangu kabla mimi sijazaliwa, akiwagusa watu mabega na kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu watu kama alivyohesabu nguruwe wakipita mlangoni, bila haraka wala mbwembwe. Mpaka leo nikisinzia mchana huwa naisikia sauti ile, na huwa sitaki kuamka kabla hajamaliza.

Kwetu Iowa, chama kinapotafuta mtu wa kugombea urais, enzi zile hatukujificha kwenye kibanda na karatasi. Tulisimama. Anayemtaka huyu aende kona hii, anayemtaka yule aende kona ile, na wasioamua wakae karibu na mlango. Jirani anakuona. Mchungaji anakuona. Mwalimu aliyekufundisha kusoma anakuona, na kesho yake mnakutana dukani mnanunua maziwa. Kona isiyotimiza idadi inavunjwa, na watu wake wanaanza kubembelezwa na kona nyingine kama wachumba. Nimesikia wageni wakisema ni mambo ya kizamani. Ni kweli. Lakini usiku ule, kama tungekuwa na karatasi, mimi ningempoteza babu yangu.

Kwenye kumbukumbu yangu taa za ukumbi zina rangi ya asali. Najua si kweli. Zilikuwa taa nyeupe za kawaida na moja ilikuwa inapepesa tangu Krismasi. Shule yenyewe imeshafungwa, watoto wa Halden siku hizi wanapelekwa kwa basi mji wa jirani, na nikipita pale naona mahindi yamesogea mpaka kwenye madirisha. Lakini nikifumba macho, asali inarudi, na wote wako hai.

Babu ndiye aliyenilea. Baba yangu aliondoka sijaanza kutembea, Mama akarudi shambani kwa baba yake na mimi mgongoni, na kuanzia hapo nilikuwa mtu wa Babu. Alinifundisha trekta, kusali Kilutheri, na kubishana. Hilo la mwisho alilijutia. Mwaka ule mgombea wake alikuwa gavana mmoja wa kusini, mtu wa kanisani, aliyezungumzia bei ya mahindi na wajibu wa baba kula chakula cha jioni na wanawe. Wa kwangu alikuwa mwanamke, seneta kutoka pwani, aliyesema familia ni wale wanaopendana. Babu alipomsikia redioni akaizima.

"Wanaopendana!" alisema. "Mbwa wangu ananipenda sana. Naye ni Harms?"

"Unamlisha vizuri kuliko unavyomlisha Mama," nikamjibu. "Nadhani ni Harms."

Alicheka mpaka akakohoa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, yeye na mimi, kabla sijamleta Clifton.

Clifton Oakes alikuja Halden kufundisha hesabu na mieleka. Kwao ni Waterloo, mwendo wa saa moja tu kwa gari, ambako ukoo wake umekaa tangu babu wa baba yake alipotoka Mississippi kuja kufanya kazi ya reli. Yaani alikuwa mtu wa Iowa kuliko hata mchungaji wetu, aliyezaliwa Ohio. Lakini watu walikuwa wakimuuliza, "Na kwenu hasa ni wapi, kocha?" naye anajibu, "Waterloo," nao wanabaki wanangoja aendelee. Haendelei. Anawatazama tu, na wao wanaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Usinielewe vibaya, walimpenda. Mwaka wake wa pili vijana wetu wa mieleka walifika fainali za jimbo, na wakulima ambao sijawahi kuwaona wakilia hata makaburini walilia na kumkumbatia. Babu mwenyewe alipanda juu ya benchi akapiga kelele hadi kofia ikamdondoka. Watu weusi mjini petu walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na Clifton ndiye pekee aliyekuwa na jina la upendo kila nyumba. Kocha wetu, walisema. Wetu kabisa.

Kwenye Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, nilimleta nyumbani. Alikuja na pai ya viazi vitamu aliyooka bibi yake. Babu akampongeza kwa vijana wake, akamuuliza goti la kijana wa akina Aukes linaendeleaje, wakazama kwenye mieleka mpaka bata mzinga akapoa. Nikajisemea moyoni, tazama, ulikuwa unaogopa bure. Nikasema: tunaoana mwezi wa Juni.

Babu aliweka uma chini, polepole, kando ya sahani.

"Kuna nguruwe jike anakaribia kuzaa," alisema. Akachukua koti lake akatoka.

Hapakuwa na nguruwe wa kuzaa mwezi ule, na sisi sote mezani tulijua. Mama akanyanyua bakuli la viazi vya kuponda akalipitisha, kisha akalipitisha tena, kwa watu waliokwisha kushiba. Mama ni wa kizazi hicho. Aliyoyaona yote aliyameza, na juu yake akaweka mchuzi. Clifton alikula sahani yake ikaisha, akashukuru, na tulipofika kwenye gari akaniambia, "Nimekula vizuri, Britta. Lakini mimi si mtu wa kukaa kwenye baraza la mzee wa watu nikingoja anikubali. Hiyo mtaongea ninyi."

Basi tukaongea. Kesho yake nilimfuata Babu bandani.

"Sina neno na watu wale," alianza, kabla sijafungua mdomo. "Unanijua. Nimepigia kura haki zao kabla mama yako hajaolewa. Walipokuwa wanapigwa kule kusini, ni mimi niliyesimama kanisani hapa nikasema ni aibu. Waulize wazee. Nusu yao waliacha kunisalimu."

"Najua, Babu. Ulinisimulia."

"Basi usinifanye mtu mbaya."

"Sikufanyi. Nakuuliza utakuja harusini."

Aliendelea kumwaga chakula kwenye hori, ingawa lilikwisha kujaa. "Unazungumzia familia sasa. Familia ni jambo jingine. Kuna watoto watakaozaliwa. Sitakuja, Britta. Usiniwekee kiti."

Niliumia mpaka nikashindwa kulia. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kwa miaka yote ile haki aliyoipigania ilikuwa mbali, redioni, kwenye majimbo ya watu wengine. Clifton alikuwa mezani kwake, anaomba apitishiwe chumvi. Nikamwambia kama haji harusini, na mimi sitakanyaga tena shambani. Nilijua nitalitimiza, maana ukaidi nilionao ni wake yeye. Tukapitisha Krismasi hatusemezani. Mama alibeba zawadi huku na huku.

Na sasa ilikuwa Januari, nasi tumo kwenye ukumbi ule wa asali, yeye kona yake na mimi yangu, na sakafu ya mbao iliyong'arishwa katikati yetu. Mama alikuwa mlangoni, na wasioamua, amekumbatia mkoba wake. Nilimtazama nikafikiri, hapo ndipo mahali pako, Mama, maisha yako yote.

Hesabu ya kwanza, kona yetu ilifurika. Kona ya Babu ilikuwa na kumi na sita, na ilitakiwa kumi na saba. Bibi Darlene Pruess, mwenyekiti wa mkutano, mwanamke mpole aliyekuwa akiendesha maktaba ya mji, akatangaza nusu saa ya kubembelezana. Wanawake wakaanza kuzunguka na visahani vya keki za limau, maana kwetu hata siasa haziendi bila kitu cha kutafuna.

"Nenda wewe," wakaniambia wa kona yangu. "Si babu yako? Mlete huku, na wale wazee wake watamfuata."

Sikuwaambia kwamba hatusemezani. Nilivuka sakafu. Alikuwa amekaa kidogo ukingoni mwa benchi, mikono magotini, na kando yake Merle Aukes, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye aliniona nakuja akageukia ukutani kana kwamba kuna picha.

"Wamekutuma," alisema Babu.

"Wamenituma."

"Kona yenu imejaa. Mnaweza kusukuma trekta."

"Njoo basi utusaidie kusukuma."

Midomo yake ilicheza kidogo. Yalikuwa maneno ya kwanza kati yetu tangu bandani. "Kona hii ikivunjwa," alisema, "mimi nachukua kofia yangu naenda nyumbani kulala. Miaka yote nimesimama hapa. Sihami uzeeni."

"Na Juni, Babu?"

Aliitazama sakafu. Wale watoto wa shule wa miaka mingi walikuwa wameacha mikwaruzo midogo kwenye mbao, na alikuwa kama anaisoma. "Juni ni mbali," alisema. Mimi nilijua si mbali hata kidogo. Nikarudi kwenye kona yangu mikono mitupu.

Hapo ndipo mlango wa chini ulipofunguliwa na Clifton akaingia. Alikuwa amejiandikisha mapema kama kila mtu, lakini mtambo wa joto ulizimika kabla ya hesabu ya kwanza, na kwa kuwa ukumbi ndimo anamofundishia mieleka, alishuka chini kupambana nao. Alitokea mikono myeusi kwa masizi, anajifuta kwa kitambaa, na watu wakapiga makofi kwa sababu mabomba yalianza kuguruma na joto likarudi. Wa kona yangu walichangamka. Wakaanza kujisogeza, huyu kushoto, yule kulia, wakamfungulia nafasi katikati, pana na nzuri, na mwanamke mmoja akamshikia kisahani cha keki.

Mimi sikujisogeza. Nilijua. Tulikuwa tumegombana kuhusu jambo hilo jikoni kwake kwa wiki kadhaa, mpaka jirani akagonga ukuta.

Clifton alitupita. Alinikonyeza kidogo, akavuka sakafu yote, akaenda kusimama chini ya goli la mashariki, karibu na Merle Aukes.

Babu alinyanyuka. Na akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo, "Umepotea kona, kocha. Wenzako wako kule."

Jamani. Yule mwanamke wa keki alibaki na kisahani mkononi.

"Wenzangu gani, Mzee Harms?" akauliza Clifton.

Nadhani hapo ndipo Babu alipolisikia alilolisema. Shingo yake ikawa nyekundu, kuanzia kwenye kola kwenda juu.

"Sijapotea," Clifton akaendelea. Sauti haikupanda, lakini mimi niliijua, ndiyo aliyotumia na wanafunzi walipovuka mpaka. "Ukumbi huu naufagia mimi kila Ijumaa. Kona zake zote nazijua. Nimekuja kwa ajili ya gavana. Bibi yangu alinilea kwa Biblia na kwa fimbo, na wanangu nitakula nao chakula cha jioni. Kama kona hii ni ya watu wa namna hiyo, nimefika. Kama ni ya watu wa namna nyingine, niambie, mbele ya hawa wote."

"Alaa!" mtu akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini. Kona yangu nayo ilikuwa imepigwa na butwaa, na ile nafasi waliyomfungulia ilikuwa bado wazi.

Bibi Darlene, masikini, hakujua la kufanya isipokuwa kufuata utaratibu. "Muda umekwisha," alisema. "Enno, hesabu watu wako."

Babu akahesabu. Aligusa bega la kwanza, la pili, la tatu, kwa sauti ile ile isiyo na haraka. Alipofika kwa Merle akamgusa. Alipofika kwa Clifton mkono wake ulipita hewani, ukashuka, ukagusa kifua chake mwenyewe.

"Kumi na sita," alisema. "Hatukutimia."

"Una hakika, Enno?"

"Nina hakika."

Alikuwa tayari kuivunja kona yake mwenyewe. Maisha yake yote, gavana wake, bei ya mahindi, vyote alikuwa tayari kuviacha vianguke kuliko kuuweka mkono wake pale. Nilisikia hasira ikinipanda mpaka kwenye meno, na nyuma ya hasira hiyo huzuni kubwa, kwa sababu nilikuwa nampenda mzee yule na nilikuwa namwona anaondoka, akiwa amesimama pale pale.

"Baba."

Sauti ilitoka mlangoni. Mwanzoni sikuitambua. Mama alikuwa ametoka kwenye kundi la wasioamua, hatua moja tu mbele, mkoba bado kifuani.

"Baba," alisema tena. "Umeruka mtu."

Sijui niseme nini kuhusu hilo. Mama yangu hajawahi kumsahihisha baba yake hata juu ya chumvi. Lakini hakurudi nyuma, na watu wote walimgeukia, na yeye akaendelea kumtazama baba yake tu.

Miguu yangu ikaanza kwenda. Nakumbuka sakafu ile kama ziwa lililoganda, viatu vyangu vikilia juu yake, na nyuso zikipita pembeni bila majina. Nilifika nikasimama kando ya Clifton, bega kwa bega.

"Kuhama kunaruhusiwa," nikasema. "Na mimi niko hapa. Sasa mmetimia, Babu, hata bila yeye. Lakini ukinihesabu mimi mhesabu na yeye. Usipomhesabu, na mimi usinihesabu. Si hapa tu. Popote."

"Britta," Clifton alinong'ona. "Acha."

"Siachi."

Babu alinitazama. Macho yake yalikuwa ya buluu iliyopauka, na yalikuwa na maji, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka. Merle Aukes akaguna. "Hesabu, Enno," alisema. "Miguu inaniuma, na huyo kijana alimbeba mjukuu wangu mgongoni mpaka hospitali. Unangoja nini?"

Babu akaanza upya. Moja. Mbili. Aligusa kila bega, na ilichukua muda mrefu, au labda ni mimi ninayeurefusha kila nikiota. Alimgusa Merle. Kisha akasimama mbele ya Clifton, wakatazamana, mtu na mtu, kwa urefu sawa.

"Nimekuita mgeni ndani ya ukumbi wako," alisema Babu.

"Umeniita," alisema Clifton. Hakusema kwamba si neno.

Mkono wa Babu ukapanda, ukatua begani kwake, kwenye shati lenye masizi. Ulitua kwa uzito, ukakaa. "Kumi na sita," alisema, na sauti ikamkwama, akairudia. "Kumi na sita."

Halafu ikawa zamu yangu. Nikanyoosha bega. Babu akanipita.

"Babu!"

"Wewe rudi kwenu," alisema. "Huyu anamtaka gavana. Wewe humtaki, ulinizimia redio kila alipozungumza. Mimi sihesabu waongo." Akajigusa kifua. "Kumi na saba. Darlene, andika. Tumetimia."

Kicheko kilianzia kwa Merle kikazunguka ukumbi mzima. Nilisimama pale nimeachama, sijui nicheke au nimpige. Clifton alikuwa anatazama juu kwenye goli, akijitahidi kuzuia uso wake. "Umesikia," aliniambia. "Nenda kwenu."

Basi nikageuka nikaanza kuivuka ile sakafu kurudi nilikotoka. Nilikuwa nusu ya njia nilipomsikia Babu nyuma yangu.

"Hiyo harusi ni saa ngapi?"

"Saa nane mchana," akajibu Clifton.

"Saa nane. Mwezi wa Juni. Nani anaoa saa nane wakati watu wanakata nyasi?"

"Basi utachelewa, Mzee Harms."

"Sijawahi kuchelewa popote," alisema Babu.

Sikugeuka. Niliendelea kutembea, machozi yananitiririka mbele ya mji mzima, mpaka nikafika kwa wa kona yangu, ambao walikuwa wameninunia kwa kuwaacha, nikasimama nao.